Mzigo Uliotoswa Ziwa Tanganyika Una Mwenyewe

Tangu Januari 1, 2026, nahodha wa meli ya kimataifa aliyepoteza kontena baharini hana ruhusa ya kunyamaza. Marekebisho ya mkataba wa usalama wa maisha baharini, maarufu SOLAS, yaliyopitishwa mwaka 2024 na Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO), yanamtaka atoe taarifa bila kuchelewa kwa meli zilizo karibu naye, kwa nchi ya pwani iliyo jirani na kwa nchi ambako meli yake imesajiliwa. Hata nahodha ambaye hakupoteza chochote, akiona kontena la mwenzake linaelea, analazimika kusema. Biashara ya makontena ilianza kushika kasi mwaka 1956, meli ya Ideal X ilipong'oa nanga Marekani, na kwa karibu miaka 70 dunia imeishi kwa kutegemea zaidi hiari ya wenye meli kujua ni nini kimezama na ni nini kinaelea. Sasa kusema ni wajibu.

Sheria hiyo haifiki Kasanga. Mkoa wa Rukwa hauna bahari, na mkulima wa Laela au mfanyabiashara wa Sumbawanga mjini anaweza kuuliza, kwa haki kabisa, makontena ya Pasifiki yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu uwanda wa Ufipa umelala kati ya maziwa mawili, na upande wa magharibi mlango wake wa kwenda kwa majirani ni maji. Sumbawanga iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi. Lori linalotoka mjini kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga linateremka karibu kilometa nzima, na likifika chini mzigo wake unahama kutoka kwenye magurudumu kwenda kwenye mbao. Mahindi ya uwandani, saruji inayotoka Mbeya na bidhaa za dukani huvuka kwenda Moba, Kalemie na Uvira upande wa Kongo, au hupanda kaskazini hadi Bujumbura. Mpulungu, bandari pekee ya Zambia katika ziwa hili, iko jirani tu. Ukiongeza Kipili, Kirando na Kabwe wilayani Nkasi, pamoja na mialo isiyo na gati ambako boti hupakiwa watu wakiwa na maji kiunoni, unapata biashara ya majini ambayo uchumi wa mkoa unaitegemea kuliko inavyoandikwa.

Katika biashara hiyo mizigo hupotea. Upepo ukizidi na maji yakianza kuingia, mabaharia hufanya walichofanya mabaharia wa zama zote: hutosa. Magunia huenda majini, madumu huelea, matenki ya plastiki husukumwa na mawimbi hadi ufukwe ambao hakuna aliyeukusudia. Mwenye mzigo huambiwa pole. Aliyeokota hushukuru Mungu. Mwenye boti hutengeneza mbao zake na kurudi kazini. Hakuna aliyeandika kilichopotea, kilikuwa na uzito gani, kilikuwa cha nani, na boti ilifikaje mahali pa kulazimika kukitupa. Ninachodai hapa ni kitu kimoja: kila shehena inayopotea katika Ziwa Tanganyika iandikwe na itangazwe, kwa lazima, kama inavyofanywa sasa baharini. Tukiendelea kuihesabu kuwa bahati mbaya ya mmoja na bahati njema ya mwingine, tunatupa pamoja na magunia hayo ushahidi ambao ungeokoa mitaji, maji na roho za watu.

Wapo watakaosema kwamba nalinganisha visivyolingana. Meli kubwa moja hubeba makontena zaidi ya 20,000. Boti ya mbao ya Kirando hubeba magunia. Kwa hakika vipimo ni tofauti, lakini tofauti hiyo inaelekea upande usiotarajiwa. Kwa mujibu wa Baraza la Meli Duniani, mwaka 2024 makontena 576 yalipotea baharini kati ya zaidi ya milioni 250 yaliyosafirishwa. Hayo ni chini ya matatu kwa kila milioni, na mengi yana bima. Theluthi moja hivi ya hayo ilipotea katika eneo la Rasi ya Tumaini Jema, kwa kuwa meli zilikuwa zikikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka kusini mwa bara letu kwenye mawimbi makali. Dunia iliona hata kiwango hicho kidogo kinastahili sheria. Ziwani, mchuuzi anayepoteza magunia 50 anaweza kuwa amepoteza mtaji wote aliokuwa nao, pamoja na deni la aliyemkopesha mahindi huko uwandani. Kwake asilimia haina maana. Kampuni ya meli ikipoteza kontena moja huandika mstari mmoja katika hesabu zake. Mama aliyepeleka mchele na dagaa wakavu ng'ambo hana hesabu ya kuandika mstari huo.

Hapa ndipo bahari ina jambo kubwa la kutufundisha, la kale kuliko makontena na kuliko injini. Tangu enzi za wafanyabiashara wa Mediterania ilikubalika kwamba mzigo wa mmoja ukitoswa ili chombo na mizigo ya wengine ivuke salama, hasara hiyo ni ya wote. Mwenye meli na kila mwenye mzigo uliopona huchangia, kila mmoja kwa kadiri ya thamani ya mali yake iliyookoka, hadi aliyetoa kafara asibaki peke yake na jeraha. Ndiyo kanuni ya hasara ya pamoja. Imeandikwa na kuandikwa upya kwa zaidi ya karne moja katika Kanuni za York na Antwerp, ambazo toleo lake la karibuni ni la mwaka 2016. Si kanuni ya makumbusho. Meli ya Ever Given ilipokwama kwenye Mfereji wa Suez Machi 2021 na kuzuia biashara ya dunia kwa siku sita, mwenye meli aliitumia: wenye mizigo wote, wakubwa kwa wadogo, walitakiwa kutoa dhamana ya kuchangia gharama za kuinasua kabla ya kukabidhiwa makontena yao.

Ukiitazama boti ya Ziwa Tanganyika kwa jicho la kanuni hiyo, utaona dhuluma ambayo tumeizoea hadi haituumizi tena. Usiku wa upepo, kinachotoswa kwanza ni kile kilicho karibu na mkono, yaani kilichopakiwa mwisho, juu kabisa. Mara nyingi mzigo wa mwisho ni wa mdogo, aliyefika akiwa amechelewa kwa sababu alisubiri usafiri kutoka kijijini, au aliyepewa nafasi iliyobaki baada ya wakubwa kupakia. Magunia yake ndiyo yanayoinunulia boti uhai. Saruji ya tajiri iliyo chini inafika Moba ikiwa kavu, na asubuhi yake hakuna anayemkumbuka aliyeilipia safari hiyo kwa mali yake. Wafipa na majirani zao wanajua vizuri kuchangiana msibani, na kazi za kulima kwa zamu zimelisha kaya nyingi uwandani. Sioni sababu ya desturi hiyo kuishia ufukweni. Isipokuwa sababu moja: kanuni ya hasara ya pamoja haiwezi kufanya kazi pasipo orodha. Lazima ijulikane kilichopakiwa, cha nani, cha thamani gani, na kilichotoswa. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na ziwani usemi huo unatimia kila msimu.

Daftari lina kazi nyingine, nzito kuliko pesa. Tangu Julai 1, 2016, kontena haliruhusiwi kupakiwa melini kabla uzito wake haujathibitishwa na kuandikwa, kwa sababu uchunguzi wa ajali nyingi ulionyesha kwamba uzito uliotajwa kwenye karatasi ulikuwa wa uongo, na rundo lililojengwa juu ya uongo huporomoka. Sisi tunao uongo wetu wa uzito, na kila mkulima wa Rukwa anaujua kwa jina: rumbesa. Sheria za vipimo zinataka gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamepiga kelele miaka mingi, lakini gunia lenye kilemba bado linaonekana barabarani na sokoni. Tumezoea kuijadili rumbesa kama wizi dhidi ya mkulima, na ni wizi kweli. Tunasahau kwamba ikifika kwenye gati inageuka kuwa hatari. Nahodha wa boti ya mbao hapimi, anahesabu magunia. Akiambiwa ni magunia 200, kichwani mwake anaona tani 20. Kama kila gunia limezidi kwa kilo 30, amebeba tani 26, na ukingo wa boti yake umeshuka karibu na maji kuliko anavyodhani. Akifika katikati na upepo ukamkuta, zile tani sita ambazo hazikuandikwa popote ndizo atakazolazimika kuzitupa, akiwahi.

Asipowahi, tunajua kinachofuata. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Abiria wa madaraja ya juu walikuwa kwenye orodha, wa daraja la tatu hawakuwa na orodha yoyote, na hadi leo idadi kamili ya waliokufa inabishaniwa. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichojengwa kubeba watu 101 na tani 25 za mizigo, kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara kikiwa kimejaza zaidi ya mara mbili ya abiria wake, na watu zaidi ya 220 wakafariki. Katika ziwa letu hili, Desemba 2014, boti ya MV Mutambala ilipinduka upande wa Kongo na kuua watu zaidi ya 120. Viongozi wa Katanga walitaja mzigo uliopita kiasi na upepo. Anayesema tushughulike na vifo kwanza, habari za mizigo iliyopotea zisubiri, anatenganisha mambo yasiyotengana. Boti iliyotosa magunia 40 na kufika salama ni boti iliyoponea chupuchupu kuwa habari ya ukurasa wa kwanza. Mzigo unaoelea ni taarifa ya ajali ambayo karibu itokee. Kwenye usafiri wa anga, marubani huhimizwa kuripoti hata matukio ambayo hayakudhuru mtu, na kwa njia hiyo kasoro hujulikana kabla ya maiti kuhesabiwa. Sisi tunangoja maiti, kisha tunaunda tume.

Lipo pia suala la kile kilichomo ndani ya mzigo wenyewe. Sri Lanka ililijua kwa uchungu mwaka 2021, meli ya X-Press Pearl ilipowaka moto nje ya Colombo na kuzama Juni 2 ikiwa na makontena 1,486. Ndani yake mlikuwa na asidi, na tani 1,680 hivi za chembe ndogo za plastiki ambazo viwanda huziyeyusha kutengenezea vifaa. Zilifunika fukwe kama theluji chafu, wavuvi wakazuiwa kuvua, na Julai 2025 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamuru wenye meli walipe fidia ya dola bilioni moja. Afrika Kusini ilikuwa imeonja kabla: Oktoba 2017 dhoruba iliangusha makontena bandarini Durban na tani 49 za chembe za aina hiyo zikasambaa kwenye mamia ya kilometa za pwani. Boti zetu hazibebi chembe za plastiki kwa maelfu ya tani. Zinabeba mbolea, viuatilifu, dizeli, mafuta ya taa na oili chafu kwenye madumu, na ziwa linalozipokea si bahari. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na mto unaolitoa maji ni mmoja tu, Lukuga, unaotokea Kalemie. Maji yake hukaa humo kwa mamia ya miaka. Vijiji vya kando ya ziwa vinachota humo maji ya kunywa, na dagaa na migebuka wanaouzwa Sumbawanga wanatoka humo. Dumu la kiuatilifu linalopasukia kwenye mwamba wa Wampembe haliendi kokote. Mtu wa kwanza kulifikia atakuwa mtoto anayetafuta chombo cha kutekea maji, na hana wa kumwambia lilikuwa na nini. Angalau nahodha aliyelitupa alipaswa kumwambia.

Nani amwambie, ikiwa nahodha yuko Tanzania na mtoto yuko Kongo? Hili ndilo gumu zaidi, na halina budi kutazamwa kwa kuanzia na upepo wenyewe. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi huvuma kutoka kusini-mashariki na kuyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Huku kusini, mbele ya Kasanga na Mpulungu, maji baridi ya chini hupanda kuziba pengo, yakileta rutuba inayolisha samaki. Wavuvi wanalijua jambo hili kwa mavuno yao, wanasayansi kwa vipimo vyao. Maana yake kwa hoja yangu ni kwamba gunia au dumu linaloachiwa mbele ya Kasanga mwezi Julai lina kila sababu ya kutua ng'ambo ya mpaka. Mali ya Mtanzania itaokotwa na Mkongo, sumu iliyopakiwa nchi moja itanywewa nchi nyingine, na daftari la nchi moja pekee litakuwa nusu daftari.

Vitu vinavyoelea huvuka mipaka bila kuuliza, na vikiwa na alama vinaweza kusomwa. Mwaka 1990 meli ya Hansa Carrier ilipoteza makontena kadhaa katika Pasifiki ya kaskazini, na viatu vya Nike kwa makumi ya maelfu vikaanza kutua Marekani na Kanada. Kwa kuwa viatu vilikuwa na namba, wanasayansi wa bahari Curtis Ebbesmeyer na mwenzake James Ingraham waliweza kuvioanisha na mahali vilipoanguka, wakapima mkondo wa bahari kwa mali iliyopotea. Karibu zaidi na nyumbani, Juni 2016 kipande cha bawa kiliokotwa kisiwani Pemba, na wachunguzi wakathibitisha kwa namba zilizokuwa ndani yake kwamba ni cha ndege ya Malaysia, MH370, iliyotoweka Machi 8, 2014. Bahari ya Hindi ilikuwa imekisafirisha kwa zaidi ya miaka miwili, na kikafika kwa watu waliokiona kuwa cha maana wakatoa taarifa. Gunia la Matai halina namba. Likitua Moba ni gunia tu, na hata muokotaji mwaminifu kabisa hawezi kulirudisha. Jina la mwenye mali na namba ya simu, vikiandikwa kwa rangi ubavuni mwa gunia, vingegharimu kidogo kuliko nauli ya bodaboda kwenda gatini.

Baharini mpango wa namna hii una jina la Kiafrika. Mei 2007 mataifa yalikutana Nairobi na kupitisha mkataba wa kuondoa mabaki ya meli, ulioanza kutumika Aprili 14, 2015. Unamtaka mwenye meli atoe taarifa, alipe gharama za kuondoa mabaki yaliyo hatari, na meli yake ikiwa na ukubwa wa tani 300 au zaidi, awe na bima ya kazi hiyo. Mzigo ulioanguka kutoka melini nao unahesabiwa kuwa mabaki. Lakini mkataba huo unahusu vyombo vya baharini, na ziwa la bara halimo. Sisi tunao mkataba wetu, uliosainiwa Dar es Salaam Juni 12, 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika, na ipo Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura. Chombo kipo. Wanaodai kwamba nchi nne haziwezi kukubaliana wanasahau kilichotokea juzi tu: majirani hawa walikubaliana juu ya kupumzisha ziwa, na kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake. Kumwambia mvuvi akae miezi mitatu bila kutupa wavu ni jambo zito mara nyingi kuliko kumwambia nahodha aandike alichokitosa. Tuliloweza ni zito. Hili jepesi limekosa tu wa kulisimamia.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko mengine linatoka ufukweni. Watu wa mialoni ni maskini, nalo ziwa huwachukulia nyavu, mitumbwi na ndugu. Likiwarudishia dumu la mafuta ya kula, kwa nini serikali ije kulidai? Swali hili linajibiwa vibaya kila mahali ambako sheria hutumia rungu peke yake. Januari 2007 meli ya MSC Napoli, iliyokuwa safarini kwenda Afrika Kusini, ilielekezwa kwenye maji ya kina kifupi karibu na Branscombe, kusini mwa Uingereza, na makontena zaidi ya 100 yakaanguka. Watu walimiminika ufukweni wakabeba pikipiki za BMW, mapipa ya mvinyo na vipuri vya magari. Walibeba pia vyombo vya nyumbani vya familia iliyokuwa ikihama, vitu visivyo na thamani kwa mwingine yeyote. Hao hawakuwa maskini wa mwalo. Walikuwa raia wa moja ya nchi tajiri duniani, na ufukwe ulibidi ufungwe na polisi. Umaskini basi hautoshi kueleza tabia hii. Mali isiyo na jina humfanya yeyote aione haina mtu.

Sheria za bahari zina jibu la haki zaidi kuliko rungu, nalo ni malipo ya uokoaji. Anayeokoa mali iliyo hatarini majini ana haki ya kulipwa na mwenye mali, kwa kiwango kinachozingatia thamani iliyookolewa na juhudi aliyoitoa. Uingereza humtaka muokotaji atoe taarifa kwa afisa wa mabaki ndani ya siku 28, na akifanya hivyo anaweza kupata ujira huo. Akinyamaza anakuwa mkosaji. Kanuni ya aina hiyo kwa ziwa letu ingemfaa mvuvi kuliko hali ilivyo. Leo akiokota magunia kumi yaliyolowa, huyauza haraka kwa bei ya kutupa, kwa hofu. Akiwa na haki ya sehemu ya thamani, iliyotajwa wazi na kubandikwa kwenye ofisi ya kijiji, ana sababu ya kuyaanika, kuyatunza na kupiga simu. Na mwenye mali asipojitokeza katika muda uliowekwa, mali iwe ya muokotaji moja kwa moja, bila kupita kwenye ghala la ofisi yoyote. Sharti hilo la mwisho ningelipigania kuliko yote, maana bila hilo wananchi watakuwa na haki ya kuamini kwamba sheria imetungwa ili mzigo ubadilishe mikono tu.

Historia ya ziwa hili yenyewe inaonyesha kwamba kilichozama kinaweza kurudi kazini kikitunzwa. Meli ya Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa Dar es Salaam vipande vipande katika masanduku 5,000 hivi, ikasafirishwa kwa reli na kuunganishwa Kigoma. Julai 26, 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi ili isitekwe, lakini mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi baadaye ilisimama mbele ya Kipili, Kirando na vijiji vingine vya pwani ya Rukwa visivyo na gati, watu na magunia wakihamishiwa kwenye mitumbwi katikati ya maji. Hapo, kati ya ubavu wa meli na ukingo wa mtumbwi, sijui shehena gani ya uwanda wa Ufipa haijawahi kuanguka.

Linabaki pingamizi la makaratasi. Daftari jingine, watasema, ni kibali kingine, ada nyingine, na mahali pengine pa kuombwa chochote kabla boti haijaondoka. Hofu hii ina msingi, na mpango wowote usioizingatia utakufa. Kwa hiyo orodha ninayoitetea isiwe kibali. Boti isisubiri mhuri. Nahodha na wenye mizigo waandike kilichopakiwa na makadirio ya uzito wake, nakala ibaki mwaloni kwa kikundi cha usimamizi wa uvuvi, BMU, ambacho kipo tayari na kinawajua watu wote kwa majina, na picha ya ukurasa huo itumwe kwa simu kwa anayepokea ng'ambo. Kusiwe na ada. Adhabu iwe kwa kunyamaza, kamwe isiwe kwa kupoteza. Nahodha anayekuja kusema "nimetosa magunia 30 karibu na mahali fulani" asigeuzwe mshitakiwa kwa kusema, vinginevyo hatatokea wa pili. Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, ambalo ndilo linalokagua vyombo vidogo, liyasome madaftari hayo wakati wa ukaguzi na kutafuta boti inayotosa mara kwa mara. Hiyo ndiyo ya kufuatwa na mizani.

Ningeanzia Kasanga, kwa kuwa Mpulungu iko jirani na upande wa pili kuna serikali nyingine inayopata hasara ile ile. Madaftari ya bandari hizo mbili yakilinganishwa kwa msimu mmoja tu wa kusi, tutajua kwa mara ya kwanza ni magunia mangapi ya mahindi ya Rukwa huondoka gatini na hayafiki, ni ya akina nani, na ni boti zipi zilizokuwa zimeyabeba.